Ombi la Mtoto na Ardhi ya Wenyewe: Nesbit na Wilder

Wahakiki wa fasihi ya watoto wamezoea kuzitenga riwaya za E. Nesbit na za Laura Ingalls Wilder kana kwamba hazina udugu wowote. Za Mwingereza huyo huitwa fantasia. Za Mmarekani huyo huhesabiwa kuwa uhalisia wa maisha ya walowezi. Mgawanyo huo unafaa katika kupanga silabasi, lakini unafunika jambo la msingi. Riwaya hizi zinaendeshwa na kani moja, yaani ombi la mtoto, na tofauti yao kubwa iko katika kumtambua anayelipa gharama ombi linapotimia.

Katika Five Children and It (1902), watoto watano wanamfukua Psammead, kiumbe wa kale anayeishi mchangani, katika machimbo ya changarawe huko Kent. Psammead huwatimizia ombi moja kwa siku, na kila kitimiacho hutoweka jua linapotua. Sharti hili ndilo linaloipa riwaya maadili yake bila mahubiri. Robert anapotamka kwa hasira kwamba afadhali watu wengine wamtake mdogo wao mchanga, kila ampitaye anamng'ang'ania, kuanzia bibi tajiri aliye garini hadi Wajipsi wa kando ya njia. Magharibi inapoingia tamaa inazimika. Anabaki mwanamke mmoja wa Kijipsi aliyefiwa na wanawe, ambaye mapenzi yake hayakutokana na uganga, naye anambariki mtoto. Hapa Nesbit anautazama uchungu wa mtu wa pembeni, ingawa picha yake ya Wajipsi kwa jumla ni ile iliyokwisha chakaa.

Sasa tutazame Little House on the Prairie (1935). Waosage wanapouhama uwanda wa Kansas kwa msafara mrefu, Laura anamwona mtoto mchanga aliyebebwa na mama yake juu ya farasi, naye anamlilia baba yake ampatie mtoto yule. Baba anakataa. Wasomaji wengi hulipita tukio hili kama kioja cha kitoto. Lakini Laura anatamka waziwazi tamaa ambayo watu wazima wa riwaya wameificha ndani ya jembe, kisima na magogo ya nyumba: kukitaka cha mwenzio kwa sababu kinapendeza.

Ukweli wa kihistoria unaikaza hoja hii. Familia ya Ingalls iliishi Kansas kati ya 1869 na 1871 katika ardhi iliyokuwa bado ya Waosage. Sheria ya 1870 ndiyo iliyofungua njia ya kuwahamishia katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Riwayani familia inaondoka kwa kuhofia kufukuzwa na askari, na hasira ya baba inafanywa kuwa kilele cha dhuluma. Katika maisha halisi, aliyenunua shamba lao la Wisconsin alishindwa kumaliza malipo, nao wakarudi. Mwandishi wa riwaya ana haki ya kubadili mambo. La kuhojiwa ni upande unaonufaika na mabadiliko hayo. (Msomaji wa Kenya, ambaye neno 'mlowezi' kwake si istilahi tu, atakumbuka kwamba mwaka ule wa 1902 ndio iliyotungwa Sheria ya Ardhi za Taji hapa.)

Nesbit naye anao Wahindi Wekundu wake. Cyril, aliyekuwa akisoma The Last of the Mohicans, anaropoka kwamba anatamani wangekuwapo Uingereza, nao wanatokea wakiwa na shoka na visu. Ni viumbe wa vitabuni, na msimulizi anajua hivyo. Kejeli yake inawalenga wasomaji wa vitabu vile. Hatimaye, wakiwa ugenini wasikopata hata kuni, wanatamani kurudi katika misitu yao, na Psammead anawasikia. Ombi la mgeni lina uzito sawa na la mtoto mwenyeji. Katika ulimwengu wa Wilder, unaosifiwa kwa uhalisia, hakuna anayeuliza Waosage wanatamani nini. Laura pekee ndiye anayekaribia kuuliza, akitaka kujua kama hawatakasirika kuondolewa kwao, naye anaamriwa aache maswali alale.

Haifai kumtetea Wilder kwa kusema kwamba alisimulia tu kama mtoto alivyoona. Laura wa kihistoria aliondoka Kansas akiwa na umri wa miaka 4. Macho ya riwaya ni ya mtunzi aliyekwisha kuvuka miaka 60. Toleo la 1935 lilieleza mwanzoni kwamba nchi ile haikuwa na watu, ila Wahindi tu. Baada ya msomaji mmoja kulalamika, neno 'watu' liligeuzwa kuwa 'walowezi' mnamo 1953. Sahihisho hilo ni la heshima, lakini muundo wa riwaya haukusahihishwa. Kwa hiyo anayeifundisha kwa kutumia matoleo ya baadaye angefanya vyema kuyaweka maneno yote mawili mbele ya wanafunzi, pamoja na The Birchbark House (1999) ya Louise Erdrich, ambamo uchungu wa kuhofia kuhamishwa unasikika nyumbani kwa msichana wa Kiojibwe.