Gari Dogo na Tingatinga: Sitiari za Mhandisi Mehdi Bazargan katika Siasa za Mapinduzi

Februari 1979, siku chache baada ya Ayatollah Ruhollah Khomeini kumteua kuwa waziri mkuu wa serikali ya muda ya Iran, Mehdi Bazargan alihutubia umati katika Chuo Kikuu cha Tehran na kuwaomba wasikilizaji wasimtarajie aende kwa mwendo wa Khomeini. Khomeini, alisema, ni tingatinga linaloinamisha kichwa na kusonga mbele likiponda mawe na mizizi. Yeye ni gari dogo la abiria linalohitaji barabara nyoofu iliyotiwa lami. Kauli hiyo hurudiwa mara kwa mara katika maandishi ya historia ya mapinduzi hayo, na kwa kawaida huchukuliwa kuwa ungamo la udhaifu: mzee wa miaka zaidi ya sabini, mpole, msomi, anakiri mapema kwamba hatayaweza. Makala hii inaichukulia kauli hiyo kuwa matini ya kifasihi, na inadai kwamba usomaji huo uliozoeleka unaikata sitiari katikati. Dai la pili linatuhusu zaidi sisi wa Kiswahili: sitiari za Bazargan zikivushwa kuja katika lugha yetu, hukutana na picha zile zile zikiwa tayari zimeajiriwa kwa kazi tofauti, na makutano hayo yanatufundisha jambo kuhusu lugha yetu ya madaraka.

Mhandisi kama jina

Hata alipokuwa waziri mkuu, Bazargan aliendelea kuitwa "Mohandes Bazargan". Neno hilo ni ndugu wa "mhandisi" wetu. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kilichota mzizi wake kutoka Kiajemi, "andāza", yaani kipimo. Kwa asili yake, basi, mhandisi ni mtu wa vipimo. Tanzania nako tunamwita mtu "Mhandisi Fulani" hata akiwa jukwaani, kama ambavyo kazi ya ualimu ilivyogeuka kuwa jina la Nyerere. Cheo cha kazi kinapobebwa hadi katika siasa, hubeba pia ahadi: kwamba mwenye cheo ataitawala nchi kwa mantiki ya kazi yake ya awali.

Kazi ya awali ya Bazargan inafahamika vyema. Mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopelekwa Ufaransa kwa gharama ya serikali, akasoma uhandisi katika École Centrale ya Paris. Aliporejea alifundisha themodinamiki katika Chuo Kikuu cha Tehran na akawa mkuu wa Kitivo cha Uhandisi. Mwaka 1951, serikali ya Mohammad Mossadegh ilipotaifisha mafuta, yeye ndiye aliyeongoza bodi iliyokwenda kusini kuipokea mitambo kutoka Kampuni ya Mafuta ya Anglo-Iranian. Baadaye alisimamia mradi wa kuwaletea wakazi wa Tehran maji ya bomba. Mwaka 1961 alishiriki kuanzisha Harakati ya Uhuru ya Iran, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka kumi, akatoka mwaka 1967. Kwa hiyo mtu aliyesimama chuoni mwaka 1979 hakuwa profesa aliyeokotwa maktabani. Alikwisha kukabidhiwa mitambo, mabomba na minyororo.

Vitabu vyake navyo vina harufu ya karakana. Kimoja kinaeleza tohara ya Kiislamu, yaani usafi wa maji na mwili, kwa hoja za kemia na biolojia. Kingine, cha miaka ya 1950, kinachunguza upendo na ibada kwa kanuni za themodinamiki. Akiwa kifungoni miaka ya 1960 alipima urefu wa aya za Kurani ili kukisia mfuatano wa kushuka kwake, kazi ambayo leo tungeiita elimumtindo ya kitakwimu. Wapo wanaoiona mbinu hii kuwa ya kitoto, na kwa kweli yapo mahali ambapo mlinganyo wa hesabu unabandikwa juu ya moyo wa binadamu kama stempu. Hata hivyo, ni kazi ya mtu anayeamini kwamba vitu vyote, hata wahyi, vinaweza kupimwa bila kuvunjiwa heshima. Sitiari zake za kisiasa zilitoka katika imani hiyo.

Barabara na chombo

Lakoff na Johnson (1980) wametuzoesha kuiona sitiari kuwa njia ya kufikiri wala si pambo tu: muundo wa uwanja mmoja hupachikwa juu ya uwanja mwingine, na katika kupachikwa huko baadhi ya mambo huangazwa na mengine hufichwa. Katika Kiswahili cha pwani na cha majukwaani, dola kwa kawaida ni chombo: jahazi au meli yenye nahodha, mabaharia na abiria. Picha hiyo ina siasa yake. Nahodha ni mmoja, wote hufika au huzama pamoja, na anayehoji uongozi katikati ya dhoruba anahatarisha roho za wenzake. Jahazi halina hatua ya kwanza na ya pili. Lina safari moja.

Sitiari ya Bazargan ni ya nchi kavu, na tofauti yake kubwa ni kwamba ina wakati ndani yake. Yeyote aliyetazama barabara ikijengwa anaujua mfuatano: tingatinga hung'oa visiki na kusukuma udongo, greda husawazisha, mashine ya kushindilia hufuata, kisha lami, kisha magari. Kila mashine huondoka zamu yake inapokwisha. Tena tingatinga la minyororo haliruhusiwi kupita juu ya lami mpya, kwa kuwa litaichana. Likihamishwa, hubebwa juu ya lori. Tukiisoma kauli hiyo kwa jicho la mtu wa ujenzi, haisemi "mimi ni dhaifu". Inasema kwamba zamu ya kubomoa imekwisha, au inapaswa kwisha, na kwamba mashine iliyofungua njia haistahiki kuitumia njia hiyo kama gari. Hiyo ni ratiba ya kazi iliyovaa mavazi ya unyenyekevu. Hadhira ilicheka, inasemekana, na pengine kicheko ndicho kilichoificha ratiba.

Hata hivyo sitiari hiyo ina ufa, nao haupo pale unapotafutwa. Gari la abiria halijengi barabara. Huisubiri. Kwa nini mtu aliyesimamia mabomba ya Tehran ajifananishe na kitu kinachotumia kazi ya wengine, ilhali angeweza kujiita greda? Kati ya tingatinga na gari kuna mashine tatu au nne zisizotajwa, nazo ndizo hasa serikali ya muda ilizozikosa: polisi wanaotii, mahakama moja, jeshi lenye amri moja. Mahali pake palikuwa na kamati za mapinduzi, mahakama za mapinduzi na, kuanzia Mei 1979, Walinzi wa Mapinduzi. Tena sitiari haina dereva. Haisemi ni nani mwenye ufunguo wa kulizima tingatinga. Kimya hicho kilikuwa katika katiba ya hali yenyewe, kwa kuwa aliyemteua waziri mkuu ndiye aliyekuwa tingatinga.

Mpini na makali

Miezi michache baadaye Bazargan alitumia picha nyingine. Alilalamika kwamba amepewa kisu ambacho ni mpini mtupu, huku makali yakiwa mikononi mwa wengine. Mfasiri wa Kiswahili hapa anakwama vibaya. Katika lugha yetu aliyeshika mpini ndiye mwenye nguvu, na aliyeshika makali ndiye anayekatwa. Tunapolalamika husema kwamba wao wameshika mpini na sisi tumeshika makali. Ukiitafsiri kauli ya Bazargan neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba waziri mkuu anajigamba. Maana imepinduka.

Njia ya kutoka ni kukitoa kisu chenyewe: "nimekabidhiwa mpini usio na kisu". Lakini tofauti hii inazidi ufundi wa tafsiri. Nahau yetu inatazama ugomvi wa watu wawili juu ya kifaa kizima, na swali lake ni nani atakayeumia. Picha ya Bazargan inatazama kifaa kilichotenganishwa, na swali lake ni kama kazi itafanyika. Mhandisi hajali sana nani anakatwa. Anachoona ni chombo kisichofanya kazi. Naona hapa ndipo uzuri na udhaifu wake wa kisiasa vinapokutana. Wapinzani wake walikuwa wanauliza swali la nahau ya Kiswahili.

Kauli ya tatu anayohusishwa nayo ni ya maji: tulitaka mvua, yakaja mafuriko. Wepesi wake unadanganya. Bazargan alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu upepo na mvua katika Kurani, na alikuwa mtu wa mabomba. Kwake mvua na mafuriko ni maji yale yale. Kinachotofautisha ni kiasi, mkondo na kingo. Tofauti ni ya kipimo, na tumerudi kwa "andāza".

Tingatinga letu

Mwanafunzi wa Kitanzania anayeisoma hotuba ya 1979 hawezi kulipita neno "tingatinga" bila kusikia jina la John Pombe Magufuli. Alipewa lakabu hiyo kutokana na kazi yake katika Wizara ya Ujenzi, akaingia nayo Ikulu mwaka 2015. Mazingira ni tofauti kabisa: hapakuwa na mapinduzi, na aliyebeba lakabu alikuwa mkemia kwa taaluma, aliyechaguliwa kwa kura. Ninalinganisha sitiari tu. Katika matumizi ya Kitanzania tingatinga lilikuwa sifa, na lilisimama peke yake. Nyuma yake hapakuwa na greda wala gari dogo. Bazargan aliligawa jukumu kati ya mashine mbili na hivyo kuuliza moja itampisha nani lini. Lakabu yetu ililifuta swali hilo kwa kuifuta mashine ya pili. Wahakiki wa lugha ya siasa nchini wamelichambua jina hilo kama ishara ya nguvu na kasi. Naona lilifaa pia kuchambuliwa kwa kile kilichokosekana ubavuni mwake.

Neno lililopunguzwa

Machi 1979 Wairani waliulizwa kama wanataka jamhuri ya Kiislamu. Bazargan alipendelea jina lenye neno moja zaidi, "kidemokrasia". Khomeini alikataa: lisiongezwe neno wala lisipunguzwe. Kwa mtu wa vipimo hilo lilikuwa pigo la kisarufi kabla ya kuwa la kisiasa, kwa sababu kivumishi ndicho kipimo cha nomino. Tarehe 4 Novemba wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani, na serikali ya muda ikajiuzulu siku mbili baadaye, ikiwa na miezi tisa.

Mwaka 1984, akiwa ametoka bungeni, alichapisha kitabu kuhusu mapinduzi ya Iran katika "harakat" mbili. Sisi pia tuna neno hilo, "harakati", lakini kwetu limeelemea upande wa mapambano, wakati Kiajemi kimelihifadhia maana ya mwendo, ule wa darasa la fizikia. Tafsiri ya Kiswahili itakayoandika "harakati mbili" itamfanya mwanamapinduzi. Itakayoandika "miendo miwili" itamrudisha karakanani, na mimi ningeichagua hiyo, maana hoja ya kitabu ni kwamba mwili mmoja ulibadili mwelekeo baada ya Februari 1979.

Miaka michache kabla ya kufariki, alitoa mhadhara akidai kwamba manabii walitumwa kwa ajili ya Mungu na akhera, wala si kuwafundisha watu kuendesha serikali. Maandishi yake ya ujanani yalikuwa yamepita njia nyingine, yakidai kwamba sayansi ya binadamu na ujumbe wa manabii huishia mahali pamoja. Katika mhadhara huu wa uzeeni barabara ni kazi ya binadamu peke yao, nao ndio wanaowajibika kwa mashine wanazozipeleka huko.