Uhakiki wa Ukadiriaji wa Jumla kwa Sampuli Nasibu: Sensa ya Sampuli ya Kilimo 2002/03 na Hali ya Mtae, Lushoto

Sensa ya Sampuli ya Kilimo ya mwaka 2002/03 ilichagua vijiji 3,221 vya Tanzania Bara na, katika kila kijiji, kaya 15 za wakulima. Ilikusudiwa kutoa makadirio hadi ngazi ya wilaya. Uhakiki huu unakubali kwamba usanifu huo unafaa kwa Wilaya ya Lushoto. Unachokataa ni kutumia data hizohizo kukadiria jumla ya kata au kijiji kama Mtae.

Kiini cha hoja ni uzani. Ichukuliwe mfano wa kijiji chenye kaya 450: kila kaya iliyochaguliwa huwakilisha kaya 30. Mtae iko ukingoni mwa Usambara Magharibi, ikitazama tambarare ya Mkomazi. Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom (1974), alieleza jinsi makazi ya ukingoni yalivyowawezesha Wasambaa kulima milimani na nyikani pia. Ikiwa kaya moja tu kati ya 15 ina ekari 4 nyikani, kadirio la kijiji huwa ekari 120. Kaya hiyo isipochaguliwa, huwa sifuri. Kadirio halina upendeleo kwa wastani wa sampuli zote ziwezekanazo, lakini mpangaji wa mbegu au chakula cha msaada ana sampuli moja tu mkononi. Katika ngazi ya wilaya, tofauti za namna hiyo hupungua kwa kuwa vijiji vilivyochaguliwa ni vingi.

Aidha, unasibu hautibu kasoro ya orodha. Kijiji kikiwa na kaya 500 ilhali orodha ina 450, kaya 50 hazina nafasi yoyote ya kuchaguliwa. Hata zikifanana kabisa na nyingine, jumla itapungua kwa asilimia 10, na kosa sanifu halitalionesha pengo hilo. Kuongeza sampuli kutoka orodha ileile hakusaidii.

Hivyo basi, anayehitaji jumla ya Mtae hana budi kuihakiki upya orodha ya kaya, kuzitenga katika matabaka kaya zenye mashamba nyikani na zisizo nayo, kisha kuchagua sampuli kutoka kila tabaka. Jumla itakayopatikana iambatane na kosa sanifu lake. Pasipo hayo, tarakimu ya kata ni dhana iliyovishwa vazi la takwimu.