Ndani ya Gari la Maiti Yumo Nani?

Wako watu ambao wakitazama filamu husimamisha picha kila linapopita gari la maiti la zamani. Hutaka kujua ni la mwaka gani na nani aliyelijenga. Kwa miaka mingi kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa fremu ndefu yenye injini na sehemu ya mbele ya gari, na mafundi wa karakana nyingine wakajenga sehemu iliyobaki ya bodi juu yake. Kwa hiyo mapezi marefu ya nyuma, yenye taa pacha zilizochongoka kama risasi, hukuambia kwamba gari ni la 1959; umbo la paa na madirisha hukuambia ni kazi ya mkono wa nani.

Magari mawili ya mwaka huo ni mashuhuri. La filamu Harold and Maude (1971), iliyoongozwa na Hal Ashby, lilijengwa na Superior wa mji wa Lima, Ohio. Lile jeupe la Ghostbusters (1984) ni la Miller-Meteor wa Piqua, katika jimbo hilohilo, nalo ni la aina iliyofanya kazi mbili. Siku hizo, katika miji mingi midogo ya Marekani, wenye nyumba za mazishi ndio waliosafirisha wagonjwa pia. Gari lililomkimbiza mtu hospitalini leo liliweza kumpeleka makaburini kesho.

Wajuzi hao hutambua chombo vizuri sana. Sisi washarika tuongeze swali moja: ndani yumo nani?

Ghostbusters ni vichekesho, na ndani ya gari lake mna mitambo ya kunasia mizuka, tucheke, tuiache. Harold and Maude inadai zaidi, basi ipimwe zaidi. Harold ni kijana wa nyumba tajiri anayeigiza kujiua mbele ya mama yake, na huhudhuria mazishi ya watu asiowajua. Mama anaona aibu ya gari lile, linaondolewa, naye anampa mwanawe Jaguar mpya. Kijana anaikata na kuichomelea mpaka nayo inakuwa gari la maiti. Tukio hilo linachekesha, lakini ndilo moyo wa filamu: mama aliliona gari, dereva hakumwona.

Anayemwona ni Maude, bibi anayekaribia miaka 80, anayemfundisha kupenda uhai. Kwa nukta chache kamera inatuonyesha namba iliyochanjwa mkononi mwake; alipitia kambi za Wanazi. Hakuna hotuba inayofuata. Hapo naisifu filamu bila kusita.

Lakini siku ya kutimiza miaka 80 Maude anajitoa uhai kwa vidonge. Hatuonyeshwi maziko yake. Jaguar inaporomoka tupu kutoka mwamba mrefu wa ufukweni, na Harold anaondoka akipiga banjo. Wengine huuona mwisho huo kuwa ushindi. Mimi naona umeruka hatua. Aliyefuata majeneza ya wageni hapewi nafasi ya kumzika yule aliyempenda.

Imani yetu nayo husimama juu ya kitu kilicho kitupu, yaani kaburi. Ila kaburi lile ni habari njema kwa sababu kwanza mwili ulilazwa mle, umefungwa sanda, na jiwe likawekwa mlangoni. Na kule Naini Bwana wetu hakukwepa msafara wa msiba. Alimwona mjane, akamhurumia, ndipo akaligusa jeneza. Alianza na mtu.

Wapendwa, filamu hii inafaa kutazamwa pamoja na vijana wenu wakubwa, mradi baada yake mzungumze. Kijana anayecheza na kifo nyumbani huenda haigizi. Tusikimbilie kumbadilishia gari. Tumwulize ana nini, tukae, tumsikilize.