Mkasi wa Mtazamaji: Je, Filamu Iliyoshindwa Yaweza Kuponywa?

Swali tunalolikusudia katika kurasa hizi laweza kuonekana dogo mbele ya wasomaji waliozoea kuhakiki riwaya na tenzi. Ni hili: mtazamaji asiyeridhika na filamu, akiichukua na kuikata upya kwa mkono wake mwenyewe, je, aweza kuifanya iwe bora kuliko alivyoiacha mwenye nayo? Tunalichukua kwa uzito kwa sababu linamgusa kila mtu ambaye kazi yake ni kusahihisha maneno ya wengine. Na katika idara za lugha, watu hao ndio sisi.

Mfano wetu unajulikana na wengi. Mwezi wa Mei 1999, George Lucas wa Marekani alitoa filamu ya The Phantom Menace, sehemu ya kwanza ya hadithi ndefu ya Star Wars, miaka 16 baada ya ile iliyotangulia. Fedha haikukosekana: katika maonyesho yake ya kwanza duniani iliingiza kiasi cha dola milioni 924. Kibiashara, basi, haikushindwa hata kidogo. Ilishindwa machoni pa wale walioingoja tangu utoto wao. Muda si mrefu ukaanza kupita mkono kwa mkono mkanda wa video ulioitwa The Phantom Edit, usio na jina la mtu. Aliyeutengeneza, ambaye mwaka 2001 alijulikana kuwa Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California, alikuwa amepunguza dakika kama 20; na yale maandishi yanayopanda angani mwanzoni mwa filamu hiyo aliyabadilisha, akaeleza humo kwa nini ameona vema kuikata kazi ya mwingine. Kampuni ya Lucasfilm ilikemea usambazaji wa nakala hizo. Suala la haki za mtungaji tunawaachia wenzetu wa kitivo cha sheria. Letu ni kuuliza kama kazi imekuwa nzuri.

Tukiri kwanza kilicho dhahiri: katika theluthi ya kwanza ya filamu, imekuwa nzuri zaidi. Filamu ya Lucas ina ugonjwa ambao mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za wanafunzi ataufahamu mara moja, yaani kueleza kilichokwisha kuonekana. Mlango unafungwa, mtu anasema mlango umefungwa. Maadui wanaingia, mtu anatangaza kwamba wameingia. Askari wa mashine, ambao wangepaswa kututia hofu, wanapiga soga kabla ya kukatwakatwa, na adui anayepayuka hamtishi mtu. Nichols aliyaondoa mengi ya maneno hayo. Matokeo yake si kwamba filamu imekuwa fupi tu. Wale mashujaa wawili, Qui-Gon Jinn na mwanafunzi wake Obi-Wan Kenobi, wanageuka watu wa maneno machache, waliozoea hatari, na mashine zinaanza kuwa jeshi.

Mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Karibu na mwisho, mtoto Anakin anajikuta ndani ya chombo cha vita na kuiangamiza meli kuu ya maadui. Katika filamu ya Lucas jambo hilo linatokea kama ajali: mtoto anabonyeza vitufe asivyovijua, anashtuka, anashangilia kana kwamba yuko uwanjani. Mkata-filamu aliondoa vishindo hivyo vya furaha na mshangao. Hakuongeza picha hata moja iliyopigwa upya. Uso ni ule ule, mikono ni ile ile. Lakini sasa mtoto yule anaonekana kujua anachofanya. Ukimya wa sekunde chache umempa nia. Warusi waliligundua hili tangu mwanzo wa karne ya 20, Lev Kuleshov alipouweka uso ule ule wa mwigizaji kando ya picha tofauti, na watazamaji wakasoma katika uso huo hisia tofauti. Sisi tunaofundisha semantiki twaweza kusema kwamba maana ya picha, kama ya neno, inategemea jirani zake. Montaji ni sintaksia, na anayeondoa neno anabadili maana ya yale yaliyosalia.

Vivyo hivyo kuhusu nguvu ile ya ajabu inayoongoza hadithi nzima. Katika filamu za kwanza ilikuwa siri. Mwaka 1999 Lucas alitaka kutueleza kwamba inahusiana na viumbe vidogo mno vilivyomo katika damu, vinavyohesabika kwa kipimo, kama tunavyohesabiwa vijidudu vya malaria katika zahanati. Nichols aliyafuta maelezo hayo. Twamshukuru.

Hata hivyo, baada ya kutazama matoleo yote mawili mfululizo, tulibaki na njaa ile ile. Filamu hii haina kasoro za wingi peke yake, ina pia kasoro za upungufu, na mkasi haujui kushona. Nani shujaa wake? Qui-Gon anafariki. Obi-Wan anaachwa melini muda wote ambao wenzake wako Tatooine. Anakin anafika hadithi ikiwa imekwisha kusafiri mbali. Malkia Amidala amefichwa nyuma ya mwanamke anayejifanya kuwa yeye, hata hatupati nafasi ya kumfahamu. Mwishoni tunaonyeshwa vita vinne kwa wakati mmoja: uwandani, katika jumba la kifalme, angani, na pambano la panga dhidi ya Darth Maul. Vita viwili vina uzito wa msiba, viwili vina kelele za watoto. Unaweza kufupisha kila kimoja. Huwezi kuvifanya vizungumze lugha moja. Kilichokosekana hakikupigwa picha kamwe, na hakuna montaji ya kitu kisichokuwapo.

Kwamba tofauti iko hapo, kati ya kazi iliyojazwa kupita kiasi na kazi iliyonyimwa, tunaweza kulithibitisha kwa filamu nyingine, Dune ya David Lynch (1984). Lynch hakuwa na neno la mwisho juu ya filamu yake. Ilibanwa ikawa ya dakika 137, na mwaka 1988 likatengenezwa toleo refu la televisheni ambalo yeye alilikataa hata akaondoa jina lake. Mwaka 2012 shabiki mmoja alichanganya matoleo hayo na vipande vilivyokuwa vimeachwa, akapata filamu ya karibu saa tatu ambayo watu wanaonana, wanapendana na kusalitiana kwa sababu zinazoeleweka. Hapo kulikuwa na kitambaa, ndiyo maana mshonaji alipata cha kushona.

Tufike sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike. Nalo ni Jar Jar Binks.

Wasiomjua: ni kiumbe mrefu mwenye masikio yanayoning'inia, mwenyeji wa vinamasi vya Naboo, aliyefukuzwa na watu wake kwa sababu ya uzembe. Anaongea Kiingereza cha namna yake, ambamo viwakilishi nafsi vinaongezewa silabi: mesa, yusa. Wahakiki wengi wa Marekani walisikia humo kejeli dhidi ya lahaja za watu weusi wa visiwa vya Karibi, Lucasfilm ilikana. Mashabiki hawakusubiri hukumu. Walimchukia, na The Phantom Edit, iliyompunguza kila ilipowezekana, ilisifiwa hasa kwa kazi hiyo.

Sisi tuliofundishwa isimu twaweza kuona jambo ambalo mkasi hauwezi kuliona. Usemi wa Jar Jar una kanuni. Viambishi vyake vinafuata utaratibu, na ndani ya filamu hakuna anayeshindwa kumwelewa. Kasoro haimo katika lugha yake. Imo katika mwandishi aliyeamua kwamba anayeongea hivyo ndiye atakayejikwaa, atakayekanyaga kinyesi, atakayeshinda vita kwa kuteleza. Yaani usemi usio wa ikulu umefanywa dalili ya ujinga. Je, kumpunguzia maneno kunaiondoa dalili hiyo? Hapana. Mjinga ni yule yule, ila amenyamazishwa, na mtazamaji anaondoka akiwa ameondolewa kero bila kuulizwa kwa nini alikereka.

Kuna toleo jingine la mashabiki ambalo ni la werevu zaidi, na kwa hiyo linatusumbua zaidi. Humo sauti ya Jar Jar ilivurugwa ikawa lugha isiyoeleweka, na chini ya picha yakaandikwa maneno mapya, ya mtu mwenye hekima. Ajabu ni kwamba mbinu hiyo inafaulu. Mwili ule ule uliokuwa ukichekesha sasa unaonekana kuwa wa mtu aliyechoshwa na upumbavu wa wenzake. Kwa hiyo tumepata ushahidi: dharau yetu ilikuwa masikioni, si machoni. Lakini angalia gharama. Ili apewe busara, ilibidi kwanza ang'olewe ulimi. Mwigizaji aliyempa sauti na mwendo, Ahmed Best, mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba chuki ya wakati ule ilikaribia kumfanya akatishe maisha yake. Hatusemi kwamba mikanda ile ndiyo iliyomfikisha hapo. Twasema kwamba sauti iliyofutwa ilikuwa ya mtu.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kwenda Naboo ili aelewe. Nani kati yetu hakuchekwa na mgeni kutoka pwani kwa kusema bantu badala ya watu, kuya badala ya kuja? Nasi wenyewe, tukishika kalamu nyekundu, tumefuta mangapi? Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha hapa hapa, bila kujali sana mipaka ya maneno wala vituo. Mtu angeweza kuichukua na kuisanifisha: kupatanisha viambishi, kuondoa marudio, kupanga matukio kwa tarehe. Ingesomeka upesi zaidi, na ingekuwa kitabu cha mtu mwingine. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 alifanya kinyume. Aliomba msaada wa Kalundi Mango, aliyeusoma mwandiko ule kwa sauti mpaka maneno yakasikika yalivyokusudiwa, kisha akachapisha pamoja na tafsiri picha za kurasa zenyewe, makosa na yote. Msomaji anayetaka kubishana na mhariri anayo karatasi ya kubishania. Hilo ndilo tunalolitafuta katika montaji ya mashabiki, na hatulipati mara nyingi.

Wapo pia wanaomrekebisha mwenye filamu bila kumkata. Tunawafikiria wasimulizi wa Dar es Salaam, ambao Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata kuwa maarufu kati yao: huweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, wakifafanua, wakitania, wakimkosoa hata shujaa. Picha haikupunguzwa, na kila mtu anasikia kwamba anayesema ni msimulizi. Wenzetu wengi wa chuo kikuu huwadharau. Kwa maoni yetu, msimulizi wa namna hiyo ni mhakiki mwaminifu kuliko mwenye mkasi, kwa kuwa anazungumza na filamu mbele yetu. Mwenye mkasi amekwisha kuzungumza nayo chumbani, peke yake, na sisi tunaletewa matokeo.

Tusimwonee Nichols, hata hivyo, kana kwamba Lucas alikuwa mlinzi wa maandiko matakatifu. Mwaka 1988 Lucas alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuwapinga wanaobadili filamu za zamani, wakati ambapo filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilikuwa zikitiwa rangi. Mwaka 1997 yeye mwenyewe alizitoa upya filamu zake tatu za kwanza zikiwa zimebadilishwa. Han Solo, ambaye mwaka 1977 alimpiga risasi Greedo bila kungoja, sasa alingoja apigwe kwanza. Kwa miaka mingi baadaye filamu za awali zilipatikana kwa shida, na mwaka 2006 zilitolewa kama nyongeza tu ya diski. Ndipo mashabiki wale wale walipoanza, hasa katika miaka ya 2010, kukusanya mabaki ya nakala za zamani na kuyaunganisha fremu kwa fremu ili kuirudisha filamu ya 1977 jinsi ilivyokuwa. Kazi hiyo tunaiheshimu kuliko The Phantom Edit, ingawa haifurahishi sana kuitazama: haidai kuboresha chochote.

Mwaka wa masomo uliopita tuliwaonyesha wanafunzi wa isimu-jamii dakika za mwanzo za matoleo mawili, lile la Lucas kwanza, kisha la Nichols. Karibu wote walichagua la pili. Tulipowauliza Jar Jar alisema nini katika toleo walilolichagua, hawakukumbuka. Na katika la kwanza walikumbuka kila kitu, wakaanza kumwiga, wakicheka, mpaka binti mmoja wa kutoka Kasenga akasema kwamba nyanya yake naye huchekwa hivyo hivyo akija mjini. Kicheko kilikatika. Wiki iliyofuata tulianza na toleo la kwanza, lile refu, tukalitazama lote.