Nyumba ya Mabaharia Wageni

Sisi tukaao Musoma, Bunda na Butiama, karibu na Ziwa, twajua habari ya mtu ashukaye chomboni jioni, naye hana ndugu bandarini. Kwa hiyo tumekisoma kwa makini kitabu cha Bwana Joseph Salter, The Asiatic in England, kilichotolewa London mwaka 1873. Chaeleza kazi yake ya miaka 16 kati ya mabaharia wa Asia na Afrika.

Hali yao ilikuwa ya kusikitisha. Merikebu ziliwaleta Uingereza, kisha wengi wakaachwa bila kazi. Wengine walikufa njiani kwa baridi na njaa. Ndipo Wakristo walipojenga nyumba huko Limehouse, katika mji wa London. Prince Albert aliweka jiwe la msingi mwaka 1856, ikafunguliwa mwaka 1857, ikadumu hata 1937. Humo baharia alipata kitanda, chakula, na msaada wa kupata chombo cha kumrudisha kwao. Bwana Salter alijifunza lugha za wageni hao, akaingia vyumba vichafu walivyoviogopa wengine. Kwa hayo twamsifu.

Walakini kitabu kina upungufu. Mwandishi ampima baharia hasa kwa jambo moja: je, amelipokea Neno? Wamo kitabuni wanawake wa Kiingereza waliojua Kihindustani kwa kukaa na mabaharia. Yeye ayatazama maovu yao; sisi twauliza, mbona mgeni aliona mlango wazi kwao kabla ya kuuona kanisani? Tena baharia wa Kiasia alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu, na kitanda cha sadaka hakiondoi dhuluma.

Tumlinganishe na Mchungaji Daniels Ekarte wa Nigeria, aliyekuwa baharia mwenyewe, akafungua African Churches Mission mjini Liverpool mwaka 1931. Fedha zake zilikuwa haba, na nyumba ilikwisha mwaka 1964. Lakini aliwalisha wenye njaa, tena akautetea mshahara wa mabaharia Waafrika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana Salter alisema vema, “njoo”. Kwamba mwenyeji naye ana ugonjwa wa kuponywa, hakusema. Basi mgeni ajapo kanisani kwetu, tumpe chakula; akiisha kula, tumwulize ni nani aliyemnyima haki yake, na tumsikilize.