Fundi Huanza na Fremu

Fundi baiskeli anayeijua kazi yake haanzi na gia. Gia ndizo zinazomvuta mnunuzi: ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na saba, na muuzaji huzitaja hata kabla ya bei. Fundi huanza na fremu, kwa sababu gia, cheni, tairi, kiti na raba za breki vyote vinauzwa dukani na kubadilishwa kwa spana mbili tatu, lakini fremu iliyopasuka haina spea. Mwenye fedha kidogo anayetafuta baiskeli yake ya kwanza ya milimani akilishika hilo tu, ameshaokoa nusu ya pesa yake. Mimi nililishika kwa kumtazama mzee mmoja wa Moshi akifanya kazi, fundi mwenye kibanda cha mabati jirani na wauza mitumba, asiyependa kuharakishwa na mtu.

Aliyekuja kwake asubuhi hiyo ni kijana aliyekuwa amedunduliza laki tatu. Alitaka baiskeli ya kupandia vijia vya migombani kuelekea Kilema na Marangu, miinuko ambako baiskeli ya Phoenix ya kubebea mizigo humlazimu mtu kushuka na kusukuma. Alikuja na baiskeli ya majaribio, aliyoazimwa na muuzaji: nyekundu, mpya, yenye shokapu mbele na nyuma. Alimsalimia shikamoo, akaiegemeza, akangoja kusifiwa. Mzee aliitikia marahaba, akaweka kiganja juu ya kiti na kukandamiza. Kiti kikazama, kikarudi, kikazama tena chenyewe.

“Mwanangu,” alisema, “hapa nguvu ya mguu inaishia kwenye springi. Mlima hutaupanda.”

Akaeleza taratibu. Baiskeli ya shokapu mbili iliyo nzuri ipo, ila bei yake si ya laki tatu wala laki kumi. Kiwanda kinachotaka kuiuza kwa bei ya chini kinaigawa pesa ileile kwenye springi ya nyuma, maungio na boliti za ziada, na kinachobaki kwa ajili ya habu, ringi na breki ni kidogo mno. Maungio hayo hulegea baada ya msimu mmoja wa vumbi, kisha nyuma huanza kuyumba. Ya shokapu moja, mbele tu, nyuma fremu ngumu, ina vitu vichache vya kuharibika, ni nyepesi zaidi, na kila anachokanyaga mtu kinafika kwenye tairi. Kijana alirudisha ile nyekundu. Mzee alifunga kibanda chake, akachukua tambara, kopo la mafuta ya taa na rula ya chuma, wakaenda kwenye mitumba, nami nikafuata.

Baiskeli za mitumba huja kwenye makontena kutoka Ulaya na Japani, zikiwa zimebanwa, pedeli zimeingiliana na spoku za jirani. Mzee alipita mbele ya safu nzima bila kugusa, kisha akarudi na kuzitoa tatu. Zote zilikuwa za shokapu moja na za ringi ya inchi 26. Alisoma namba iliyochapwa ubavuni mwa kila tairi, akiitafuta 559, ambayo ni kipenyo cha ringi kwa milimita mahali tairi linapokaa. Zipo ringi nyingine zinazoitwa inchi 26 na tairi zake hazipatikani kirahisi. Ya 559 inapatikana karibu kila duka la spea nchini. Ulaya na Marekani ukubwa huu umepitwa na ule wa inchi 27.5 na 29, ndiyo maana fremu nzuri za 26 hufika huku kwa bei nafuu. Kwa mnunuzi wetu hiyo ni bahati, na aichukue bila aibu.

Alianza kwa kufuta. Alilowesha tambara kwa mafuta ya taa, akasafisha kila ungio hadi rangi ikaonekana, hasa chini ya bomba la usukani linapokutana na bomba la chini. Baiskeli iliyogonga ukuta au jiwe kubwa huacha alama hapo: rangi hujikunja mikunjo midogo ambayo vumbi huificha. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka kila mahali palipochomelewa. Alipitisha polepole, akiwa ametazama pembeni, kwa kuwa anachokitafuta hukisikia kabla ya kukiona. Kwenye fremu ya kwanza, karibu na kibano cha kiti, ukucha ulikwama. Akarudia, ukakwama palepale. Alifuta tena na kutuonyesha: mstari mwembamba kuliko unywele, urefu wa punje ya mchele. Aliirudisha baiskeli ile kwenye safu bila kusema neno.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Alitoa mfukoni mshipi wa kuvulia samaki, akafunga ncha moja kwenye kikato cha kushoto kinachoshika ekseli ya nyuma, akauvuta hadi mbele, akauzungusha kwenye bomba la usukani, akaurudisha na kuufunga kikato cha kulia. Sasa mshipi ulipita pande zote mbili za bomba la kiti, umekaza. Aliweka rula kati ya bomba na mshipi upande wa kushoto, akasoma. Akahamia kulia, akasoma. Kwenye fremu ya pili, kushoto ilikuwa milimita 34 na kulia 28. Kwa jicho fremu ile ilikuwa imenyooka kabisa, lakini gurudumu lake la nyuma lisingefuata njia ya la mbele. Ingekuwa ya chuma angeweza kuivuta ikarudi. Ile ilikuwa ya alumini, na alumini ukiikunja upya huanza kupasuka. Fremu ya tatu ilisoma 31 na 31. Alirudia vipimo kwa kuanza na upande wa pili, akapata vilevile, ndipo akakunja mshipi wake.

Shokapu aliipima kwa kubana breki ya mbele na kuegemea usukani kwa uzito wake wote. Ilishuka bila kukwama, ikapanda bila kudunda. Akafuta zile nguzo mbili zinazong'aa, akatafuta kwa ncha ya kidole vishimo vya kutu, kwa kuwa kishimo kimoja huchana sili kila shokapu inapotembea, na sili ikichanika mafuta hutoka na maji huingia. Hakikuwepo. Ningeongeza hapa neno langu: shokapu iliyoganda ni uzito wa bure, na mtu akikosa iliyo hai, afadhali achukue baiskeli yenye uma wa kawaida usio na springi.

Kijana aliambiwa aipande bila kukaa, miguu yote chini. Kati ya bomba la juu na mapaja yake palipita vidole vinne. Hilo lilitosha. Bei ilitajwa, ikapunguzwa, ikaishia laki moja na elfu themanini.

Mtu mwingine angeondoka hapo akiwa ameridhika. Mzee alirudi nayo kibandani, akaigeuza juu chini, akachomoa gurudumu la nyuma. Alishika ncha za ekseli kwa vidole vya mikono miwili na kuizungusha taratibu. Akanipa nijaribu. Mkwaruzo ulikuwa mdogo sana, mchanga usiozidi chembe chache, lakini ulikuwepo. Jambo moja lilimfurahisha: habu ilikuwa ya kaseti. Kwenye habu za bei ndogo zaidi, ambazo meno ya gia hufungwa kwa kuskurubiwa, beringi ya kulia hukaa ndani, mbali na fremu, na ekseli hubeba uzito bila msaada hadi inapinda au kukatika kwenye mashimo. Kwenye habu ya kaseti beringi hukaa karibu na ncha. Aliizungusha ekseli akiitazama kwa ubavu, ikawa imenyooka.

Kufungua habu kunahitaji spana mbili zinazopingana, namba 17 kwenye nati ya nje na ile bapa ya namba 15 kwenye koni. Spana bapa ni nyembamba kiasi cha kuingia mahali ambapo spana ya kawaida haiingii. Alilegeza, akainamisha gurudumu juu ya kifuniko cha ndoo, na gololi zikaanguka moja moja. Alizihesabu kwa sauti: tisa upande huu, tisa upande ule, kumi na nane. Akazimwagia mafuta ya taa, akazisugua kwa mswaki wa zamani, kisha akaziviringisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, ameielekeza juani. Inayong'aa kote ilirudi kwenye kifuniko. Yenye doa la kijivu, hata likiwa dogo namna gani, ilitupwa. Tano zilitupwa, naye akazibadilisha zote kumi na nane kwa mpya, kwa sababu gololi za vipenyo viwili tofauti hazibebi uzito sawa. Koni moja ilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa mahali gololi zinapopita, na huo ni uchakavu mwema. Nyingine ilikuwa na kishimo. Alifungua kopo la maziwa ya unga lililojaa koni za baiskeli zilizokufa, akazijaribu hadi akapata inayolingana.

Nilipokuwa nikimtazama akijaza grisi niliwakumbuka vijana wa Kaunti ya Marin, California, ambako michezo ya baiskeli za milimani ilianzia. Nao hawakuwa na fedha. Walikusanya baiskeli chakavu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakatupa mapambo, na kuanzia 1976 wakashindana kuteremka njia inayoshuka kimo cha karibu mita 400. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, nazo zilipata moto hadi grisi ikageuka moshi, ikabidi habu ijazwe grisi upya kila baada ya mteremko. Mteremko wenyewe ukaitwa Repack, yaani “jaza upya”, kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wao, akaunda fremu yake ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa milima. Baiskeli hizi tangu mwanzo zilikuwa kazi ya watu waliojua kuchagua kilicho kizima ndani ya kilichotupwa.

Gololi zilipangwa juu ya grisi kwa ncha ya bisibisi, kila moja mahali pake. Kukaza koni ndiko kunakomtenga fundi na mjuaji. Ikikazwa mno, gololi husaga; ikilegea, gurudumu hucheza. Na kishikio cha ekseli kikibanwa kwenye fremu huiminya ekseli kidogo, kwa hiyo habu inapaswa kuachwa na mchezo mdogo sana utakaotoweka kikibanwa. Mzee alikaza, akafunga gurudumu kwenye fremu, akashika tairi na kulitikisa, akasikiliza, akafungua, akalegeza koni kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akafunga tena. Alirudia hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia mimi niliyekaa tu. Uso wake haukubadilika. Mwisho alilizungusha gurudumu na kuliachia, likazunguka bila sauti, likapunguza mwendo, likasimama, kisha valvu ikalivuta kurudi nyuma kidogo kwa uzito wake. Hapo akatikisa kichwa kukubali.

Ringi ilikuwa inacheza. Alifunga kipande cha chaki kwenye fremu kwa raba, akakisogeza hadi kikaribie kugusa, akalizungusha gurudumu. Chaki ilichora pale tu ringi ilipotokeza. Kabla ya kukaza chochote alitia tone la mafuta kwenye nati ya kila spoku, zote 32, akakwanyua spoku mojamoja kwa ukucha akisikiliza, kama mpiga gambusi anayepatanisha nyuzi zake. Iliyolia chini kuliko jirani zake wa upande uleule imelegea. Ringi ikitokeza kushoto, spoku za kulia hukazwa na za kushoto hulegezwa, robo mzunguko tu, kisha gurudumu huzungushwa tena. Mwanafunzi hukaza nusu mzunguko ili amalize haraka, akahamisha kasoro kutoka hapa kwenda pale. Mzee alienda kwa robo, karibu na mwisho akaenda kwa chini ya robo, akizibana spoku mbilimbili kwa kiganja ili zikae. Alama za chaki zilifupika, zikatawanyika, mwishowe chaki ikagusa ringi kidogo kuizunguka yote.

Cheni ilichukua dakika chache. Pingili 12 kamili za cheni mpya ni inchi 12 juu ya rula. Ya baiskeli hii ilizidi kidogo moja ya kumi na sita ya inchi, bado haijafika moja ya nane, maana yake cheni itupwe ila kaseti ibaki. Raba za breki na waya zikawekwa mpya, na tairi mbili.

Hesabu ilikuwa hivi. Baiskeli 180,000. Cheni 15,000, raba na waya 12,000, tairi 40,000. Mzee aliomba 30,000, pamoja na gololi na ile koni, kwa kazi iliyoanza asubuhi na kumalizika saa kumi jioni. Zikabaki 23,000, na akamtuma kijana akatafute kofia ngumu kabla ya kwenda popote.

Elfu thelathini hizo ndizo zilizonunua kitu kikubwa kuliko zote. Nawe msomaji, ukiwa na laki mbili au tatu na hamu ya mlima, usiende mitumbani peke yako. Nenda na fundi, mlipe siku yake nzima, na umwache afungue habu.