Toleo Lipi? Ngano za Grimm kama Ushahidi katika Utafiti wa Historia ya Utamaduni wa Ujerumani

Utangulizi

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu historia ya utamaduni wa Ujerumani aghalabu huanza na ngano za ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Uteuzi huo haustahili lawama. Dosari hujitokeza pale ngano hizo zinapotumiwa kama sauti ya mkulima wa Kijerumani wa kale, bila kutajwa msimulizi wala mwaka wa toleo. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, akitafiti fasihi simulizi ya kwao, haachi kuuliza fanani ni nani, hadhira ni ipi na utambaji ulifanyika wapi. Mbele ya kitabu kilichopigwa chapa, maswali hayo huyasahau. Makala haya yanadai kwamba anayenukuu Grimm bila kutaja toleo hajatoa ushahidi wowote.

Msimulizi na Asili Yake

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1812 ikiwa na ngano 86, na ya pili mwaka 1815 ikiwa na 70. Katika miaka ya ukusanyaji, mji wa Kassel walikoishi ndugu hao ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Westphalia, uliotawaliwa na Jérôme Bonaparte, nduguye Napoleon. Dola moja ya Ujerumani haikuundwa hadi mwaka 1871. Hivyo basi, kukusanya ngano kulikuwa pia kutafuta taifa ambalo bado halikuwa na mipaka wala serikali yake.

Haja hiyo ndiyo iliyompa msimulizi wa kijijini hadhi kubwa. Katika dibaji ya mwaka 1815, Dorothea Viehmann alisifiwa kuwa mwanamke mkulima mwenye kumbukumbu imara, na toleo la 1819 likatiwa picha yake. Ukweli ni kwamba alikuwa mke wa mshonaji na binti wa mwenye nyumba ya wageni, na ukoo wake ulitokana na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Vivyo hivyo, Herman Grimm, mwanawe Wilhelm, aliandika kwamba ngano kadhaa zilitoka kwa mtumishi mzee aitwaye Marie. Mwaka 1975 Heinz Rölleke alibainisha kuwa Marie huyo hakuwa mtumishi. Alikuwa Marie Hassenpflug, kijana wa familia ya wasomi ambayo kwa upande wa mama ilikuwa na asili hiyohiyo ya Kifaransa. Ngano ya msichana mwenye kofia nyekundu ilipatikana katika familia hiyo, ilhali Charles Perrault alikuwa ameichapisha kwa Kifaransa tangu mwaka 1697.

Hata hivyo, isichukuliwe kwamba wasimulizi wote walikuwa watu wa tabaka la kati. Askari mstaafu Johann Friedrich Krause alitoa ngano zake kwa kubadilishana na nguo kuukuu. Ndiyo sababu kila ngano inahitaji kuchunguzwa peke yake.

Kalamu ya Mhariri

Kuanzia toleo la 1819, Wilhelm ndiye aliyeshika kalamu zaidi. Katika Rapunzel ya mwaka 1812, msichana anauliza kwa nini nguo zake zinambana, na msomaji anatambua kuwa ana mimba. Katika matoleo ya baadaye swali hilo limeondolewa. Mama mzazi wa Schneewittchen, anayetaka bintiye auawe, anageuzwa mama wa kambo mwaka 1819. Mama wa Hänsel na Gretel anageuzwa vivyo hivyo mwaka 1840. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1825, lilitoka toleo dogo la ngano 50 lililolengwa watoto.

Kwa hivyo, mtafiti anayetumia toleo la mwisho, la mwaka 1857, kueleza hali ya mama wa kambo katika Ujerumani ya enzi za kati amekosea karne. Kilichomo mikononi mwake ni taswira ya mama mzazi ambayo familia ya tabaka la kati ya karne ya 19 ilitaka isiguswe, na mama wa kambo akabebeshwa lawama.

John Ellis, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliyaona mabadiliko hayo kuwa udanganyifu. Hukumu hiyo ina msingi, kwa kuwa ndugu hao walidai kutoongeza kitu. Lakini mwanahistoria akiishia hapo atatupa ushahidi ulio bora kuliko wote, kwani pale mhariri alipofuta ndipo jamii yake ilipoona haya.

Hitimisho

Nyenzo za kufanyia kazi hii zipo. Nakala ambazo ndugu hao waliziandikia pambizoni majina ya baadhi ya wasimulizi zimehifadhiwa Kassel, na mwaka 2005 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Asiyejua Kijerumani anayo tafsiri ya Kiingereza ya toleo la kwanza iliyofanywa na Jack Zipes mwaka 2014, naye anaweza kuilinganisha na tafsiri yoyote ya toleo la 1857.

Suala hili halikomei Kassel. Mwaka 1898 Carl Velten alichapisha ngano za Waswahili kwa Kijerumani, akiziita Märchen, jina lilelile walilotumia akina Grimm. Mtafiti aliyezoea kuuliza ni nani aliyesimulia na ni nani aliyehariri kule Kassel hataacha kuyauliza hayo atakapofika Zanzibar.